Maziwa ya Pepa Ndani ya Figo ya Samaki

Aibu nyingine muntu anaificha, lakini hii yangu imeishafika mpaka Moba na meli, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe, mucheke mbele yangu.

Ilianza na kikombe kimoja. Mimi Furaha nafanya kazi kwenye labo ndogo hapa Kalemie ya kupima magonjwa ya samaki na mifugo, na asubuhi ile mama yangu alikuwa amenitumia kidumu cha maziwa ya kuganda kutoka Pepa, kule milimani kwa ng'ombe (yale mazito kabisa, musinitamanishe), nikawagawia wenzangu wote inje, nikajisifu we, halafu badala ya kukiacha kidumu huko huko nikaingia nacho kwenye meza ya kazi, nikaanza kupasua samaki bila kuvaa ganti mikononi, mkono mmoja kisu, mkono mwingine kikombe. Na diploma ninayo!

Samaki huyo alikuwa wa Mama Zaina, anayesomesha wajukuu kwa mabwawa yake mawili, naye alikuwa amekuta kadhaa wanaelea wamekufa. Nilipopandikiza kipande cha figo kwenye sahani ya kuoteshea mikrobe, kesho yake ikaota mikrobe ya mviringo, imeshikana minyororo, nami bila kungoja muntu nikamwambia, "Mama, hii njo mikrobe inayomaliza samaki. Tuwazike wote."

"Hata wazima, mwanangu?"

"Hata wazima."

Alishika kichwa. Jioni majirani walikuwa wameishachimba shimo.

Shefu wetu, Papa Kalunga, akasema hazikwi hata mmoja kabla ya kujaribu mashini mpya ya kusoma jeni, yaani yale maandishi yaliyo ndani ya kila kiumbe. Mashini yenyewe ni ndogo kama simu. Basi watu wakajaa, hata wale wachimba shimo, shefu akaiunganisha na projekta, tukaangalia ukutani herufi nne tu, A, T, G, C, zinapita na kupita, kwa sababu kuna mikrobe ndugu ambazo kwa darubini huwezi kuzitenga hata ukodoe macho, lakini herufi zao zinatofautiana hapa na pale. Jamani, nilisisimka mwili mzima! Kadudu kasikoonekana, na Mungu amekaandika herufi kwa herufi! Hata mlinzi alivua kofia.

Papa Kalunga akasoma jina, akarudia. "Hii si ile ya samaki. Ni ndugu yake. Hii njo inagandisha maziwa." Akaangalia tena ile sahani yangu. "Sasa maziwa yameingiaje ndani ya figo?"

Wote waliokunywa maziwa yangu wakanigeukia.

"Furaha! Njo weye!"

Wee, walicheka! Mlinzi alikaa chini kabisa. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Zaina peke yake hakucheka. "Na samaki wangu?"

Papa Kalunga alikuwa amepasua wengine mwenyewe siku ile ile ya kwanza, na ganti, na sahani zao hazikuota kitu. Bwawa walimokufa lilijaa majani yaliyooza, maji yakakosa hewa, njo kilichowaua. "Hawazikwi, Mama. Safisha tu bwawa."

Alilia pale pale, halafu akanishika mkono mpaka bwawani, akanipa pumba nirushe. Samaki wakapanda juu kwa mamia, maji yote midomo, wazima wale niliokuwa nimewahukumu, na mimi machozi yakanitoka mbele ya wachimba shimo wote. Jina la ugonjwa halitatoka tena kinywani mwangu kabla herufi hazijasomwa, hata aulize gavana.