Siku Saba za Kuosha Jeli

Maabara nzima walimwita Rula. Ukimwambia kipande kina upana wa kama sentimita tatu, atakukodolea macho mpaka urudi ukakipime upya. Kazi yake ilikuwa kupima jeli za polima, zile zinazonyonya maji zikavimba na kutetemeka kama ute wa yai, za kubandika kwenye vidonda sugu. Lakini kilichompeleka pale kilikuwa kisasi.

Miaka sita nyuma, mama yake alikuwa na kidonda cha kisukari mguuni, akaingizwa katika majaribio ya kwanza ya jeli hiyo. Ngozi iliungua, kidonda kikazidi kuchimba, mguu ukakatwa chini ya goti. Ripoti ilipotoka, habari zake zilikuwa mstari mmoja: mgonjwa wa kumi na moja alijitoa mwenyewe katika majaribio. Aliyeuandika ni mkuu wa maabara.

Basi Rula akaomba kazi pale pale. Kila asubuhi alimwamkia mkuu kwa adabu, akavichekea vichekesho vyake baridi, huku roho ikimchemka. Mwaka wa pili akamnasa. Jeli ikishaganda lazima ioshwe siku saba kwa maji safi, ili mabaki ya kemikali yatoke. Yasipotoka yanaunguza ngozi. Mkuu, kwa pupa ya kuwahi matokeo, alikuwa akiitoa siku ya pili na kuandika saba. Rula akapima maji ya kila beseni, akanakili tarehe, akanyamaza. Alitaka amvue nguo mbele ya watu wazito.

Watu hao walikuja baada ya miezi minane: kamati ya hospitali. Mkuu alijisifu mpaka koo likamkauka. Alipouliza kama kuna swali, Rula akasimama na daftari, akasoma tarehe moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Huyu ni mpimaji tu," mkuu aliwaambia wageni.

"Na mgonjwa wa kumi na moja hakujitoa," Rula akasema. "Ni mama yangu. Mguu wake ulikatwa kwa sababu ya jeli hii hii."

Mkuu alifukuzwa wiki ile ile. Alipotoka amekumbatia katoni ya vitabu, Rula alimshikia mlango, amwone vizuri akipita. Raha aliyoisikia hakuwahi kuisikia tangu azaliwe.

Nyumbani alimsimulia mama yake yote. Mama alisikiliza huku akisugua goti, kisha akauliza aligundua lini. Rula akamwambia.

"Miezi minane, mwanangu. Na muda wote huo watu walikuwa wanabandikwa jeli hiyo?"

Watatu, Rula alijibu. Waliungua, ila miguu wanayo. Akajitetea kwamba angesema mapema wangelifunika jambo hilo, kama walivyolifunika la mama. Mama akamuuliza wale watatu wanaishi wapi.

Rula aliwafuata wale watatu majumbani mwao, akawaeleza ukweli na kuomba radhi. Wawili walimkaribisha ndani. Wa tatu alimsikiliza mlangoni mpaka mwisho, kisha akaurudishia mlango taratibu.

Haukupita muda, habari zikamfikia kwamba mkuu amepata kazi katika chuo kimoja. Siku hiyo hiyo Rula akatoa nakala ya uamuzi wa kamati, akaitia kwenye bahasha yenye anwani ya chuo hicho. Mama akamwambia yatosha sasa, amwachie Mungu.

"Bado, mama," alisema, akatoka kwenda posta.