Mwisho wa Mstari, Upande wa Kushoto

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja kutusalimia hapa Kasulu. Tukiwa mezani alimtazama binti yangu akishika kijiko, kisha akanigeukia. "Mkamwana, huu mkono wa kushoto mtoto ameutoa wapi? Kwetu haupo." Badala ya kuona aibu nilicheka mpaka chai ikanipalia. Alikasirika kidogo, na simlaumu, maana hakujua kwamba swali lake hilo hilo ndilo lililonilea. Ngoja nikusimulie, ndugu yangu, kama nilivyomsimulia yeye.

Kwetu ni Heru Juu. Nilipokuwa na miaka saba hivi, kila kitu nilikianza na kushoto: kumenya muhogo, kumega ugali, kupokea nilichopewa. Kupokea ndiko kulikoniponza. Mtu mzima akikupa kitu unapokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, la sivyo umewaaibisha wazazi wako mbele za watu. Bibi, mama yake baba, alikuwa mkali wa adabu kuliko mtu yeyote niliyemjua. Kila tulipokaa kula alichukua kipande cha kitenge cha kijani akaufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni. Nilihangaika na tonge kwa ule wa kulia huku mafuta ya mawese yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Maharage yangu mengi waliyafaidi kuku.

Lawama zote alibebeshwa mama, kwa sababu alitoka kijiji cha Kumsenga. "Mikono hii ni ya huko Kumsenga," bibi alisema kila siku. "Sisi hatuna." Mama mwenyewe alitumia kulia, baba alitumia kulia, na ndugu za baba wote vivyo hivyo. Baada ya chakula alinifungua kitenge na kunisugua pale palipobana. Nilimwonea huruma sana. Nilijiapiza kuuzoesha mkono wa kulia hata kama nitalala njaa, ili asisemwe tena. Nilijaribu kwa moyo wote, na sikuweza.

Raha yangu ilikuwa msimu wa kupura maharage. Fimbo ya kupuria unaishika kwa mikono miwili, kwa hiyo siku hiyo hakuna wa kukufunga. Majirani walikuja, tukapanga mstari mmoja mbele ya rundo lililokauka, kwenye uwanja uliosiribwa kwa samadi. Pa! Pa! Pa! Maganda yalipasuka, maharage yakaruka, mekundu, ya njano, yenye madoadoa, na vumbi likatuwasha shingoni mpaka tukawa tunacheka na kupiga chafya kwa pamoja. Shida ilikuwa moja tu: fimbo yangu iligongana na ya yeyote aliyesimama kushoto kwangu. Ndiyo maana niliwekwa karibu na bibi, ambaye miaka yote alishika mwisho wa mstari, upande wa kushoto. "Niwaone wavivu wote," alisema. Yeye sikumgonga hata mara moja. Niliamini ni kwa sababu ananipenda.

Mwaka mmoja jirani yetu mmoja, mama mnene mwenye maneno mengi, alichelewa kufika akajipenyeza katikati yangu na bibi. Pigo la kwanza tu, fimbo zetu ziligongana, yake ikaruka hadi kwenye migomba. "Mrudisheni huyu kwa bibi yake!" alipiga kelele. "Wao wanapigia upande mmoja!"

Sote tukamtazama bibi. Fimbo yake ilikuwa bado hewani, juu ya bega la kushoto, mkono wa kushoto umetangulia juu, sawasawa na wangu. Babu alikuwa akileta mzigo mwingine kutoka shambani. Akauachia ukadondoka chini.

"Yooo!" alisema. "Kumbe Kumsenga ni hapa hapa!"

Nilidhani nitachapwa. Bibi alishusha fimbo, akakaa juu ya maganda, akacheka mpaka kilemba kikamtoka kichwani. "Mama yangu alinifunga kwa kamba ya mgomba," alisema akijifuta machozi. "Nilifikiri huo mkono wa kushoto ulishakwisha." Kisha akamgeukia mama, akapiga makofi taratibu kama tunavyowaamkia wakubwa. "Mwanangu, nisamehe." Mama alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Mchana huo kile kitenge kilitumika kuepulia chungu cha maharage, nami nikala kwa mkono wangu. "Ila wageni wakija," bibi alininong'oneza, "pokea kwa kulia."

Baadaye, nikiwa sekondari Kibondo, mwalimu wa baiolojia alitueleza kwamba mkono wa kushoto hurithiwa, lakini si kwa njia iliyonyooka. Si jeni moja inayoamua. Ni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo, na bahati tu ya tumboni inaongeza yake. Watu wengi wa kushoto wamezaliwa na wazazi wa kulia, na hata mapacha wa kufanana huweza kutofautiana. Kwa hiyo, alisema, huwezi kumnyooshea kidole mtu mmoja katika ukoo. Niliyaandika yote kwa mkono wangu, wino ukinichafua kiganja, na hilo la mwisho nikakataa kuliamini. Wangu ulitoka kwa bibi.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi nipeleke nikaone." Jumamosi tukaenda Heru Juu, yeye, mimi na mtoto. Uwanja umebaki mdogo, na majirani waliokuja walikuwa wachache. Babu hayupo, bibi hayupo, na kile kitenge sijui kiliishia wapi. Natamani sana bibi anifunge tena mkono, hata kwa mlo mmoja.

Nilishika mwisho wa mstari, upande wa kushoto, mahali pa bibi. Mama mkwe akamsukuma binti yangu kwangu akicheka: "Nenda kwa mama yako, wewe, utatuumiza!" Tukainua fimbo pamoja, zikashuka pamoja, hazikugongana hata mara moja. Upande wangu wa kushoto hapakuwa na mtu.