Machungwa Yasiyoletwa

Enyonam Agbozo alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Ahoe, mjini Ho, na wengi waliomwita Mwalimu hawakuwahi kumwona uso. Darasa lake la Biblia lilikuwa ndani ya simu. Alilianzisha mwaka ule makanisa yalipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, kwa ajili ya wanawake wachache wa kwaya. Makanisa yakafunguliwa, darasa likabaki, likavuta watu wa Accra na Lomé, hata Waewe, watu wa kabila lake, waliohamia Hamburg. Kila Alhamisi, akishafunga duka na kula akple yake, ule ugali wa mahindi, aliketi kati ya vitambaa akasoma na kufafanua, kisha kila mwenye neno akafungua kipaza sauti na kusema lake.

Sauti yake ilikuwa ya kutuliza, na watu walimwambia hivyo mara kwa mara. Sifa zilimkaa vizuri. Hilo alilijua, akajisamehe kama mama anavyomsamehe mwanawe mdokozi.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Mama Kafui, bibi mjane wa mtaa wa Bankoe, ng'ambo tu ya soko. Bibi huyu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Darasa zima lilimwombea, na Enyonam akaahidi mbele ya wote kwamba atakwenda kumwona. Hakukusudia kudanganya. Ila wiki hiyo kulikuwa na nguo za msiba za ukoo mzima, iliyofuata zikaja za harusi, na baadaye ahadi yenyewe ikawa mzigo: angeingia mlangoni na maelezo gani ya kuchelewa? Aibu ndogo ikamzuia, na kadiri alivyokaa ndivyo ilivyonenepa.

Ikafika Alhamisi ambayo somo lilikuwa pale Yesu anaposema kwamba aliugua, na watu wakaja kumwona. Enyonam alilifundisha vizuri mno. Alipomaliza, Kaka Selorm, muuguzi wa huko Hamburg, akafungua kipaza sauti.

"Mwalimu, samahani. Mama Kafui yuko hapo hapo Ho. Kuna mtu amekwenda kumwona?"

Mdomo ukamtangulia moyo. "Nilikuwa kwake Jumapili," Enyonam akasema. "Anaendelea vizuri. Tuliomba pamoja."

Watu wakaanza kushukuru. Ndipo ikasikika sauti ya kizee, yenye mkwaruzo, ambayo haikuwa imesikika darasani tangu ile ajali.

"Ni kweli," alisema Mama Kafui. "Mwalimu alikuja. Akaniletea na machungwa."

Enyonam alihisi uso wake ukiwaka moto, ingawa chumbani hapakuwa na mtu. Hakujua kwamba bibi alikuwa akisikiliza. Alifunga darasa kwa sala fupi ambayo hakukumbuka hata neno lake moja, akakaa na mkasi mkononi bila kukata kitu. Angekanushwa, angeweza kujitetea, kulia, kuomba radhi. Lakini kusitiriwa na yule yule ambaye yeye alimtupa, tena kwa kuongezewa machungwa!

Asubuhi yake alipita sokoni, akasimama mbele ya mama muuza matunda, akaanza hata kuchagua. Kisha akayarudisha. Aliona kwamba akiyapeleka sasa atakuwa anaushonea uongo wake pindo. Akaenda mikono mitupu, na kwa kuwa nyumba hakuijua, ilimbidi kuuliza. Jirani mmoja aliyekuwa akitwanga alimtambua kwa sauti.

"Si wewe yule Mwalimu? Mama hufungulia simu mpaka sisi huku tunakusikia. Haya, mlango ule wa bluu. Umepotea leo, na Jumapili ulikuwa hapa?"

Alisema kwa mzaha, lakini macho yake hayakucheka. Enyonam akainamisha kichwa, akapita.

Mama Kafui alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha chini, shuka likiwa halijabadilishwa, nywele zimeshikana kama sufi. Enyonam alipiga magoti sakafuni.

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha. Nilidanganya kwamba nilikuja kukuona. Tena ukanisitiri, na sikustahili. Alhamisi nitawaambia wote."

"Usiwaambie," bibi akasema.

"Lazima, Mama. Siwezi kufundisha tena na jambo hili kifuani."

"Nisikilize, mwanangu. Unadhani nilikusitiri wewe?" Akageuza uso ukutani. "Mkwe wangu yumo darasani. Dada zangu wa Lomé wamo. Nilitaka wasikie kwamba mimi pia nina mtu anayekuja. Ukisema hukuja, umewaambia kwamba hakuja yeyote. Utajivua nguo wewe, na mimi utaniacha uchi."

Njia nzima Enyonam alikuwa amejifariji kwamba atatubu hadharani na kutoka mwepesi. Sasa aliona kwamba hata toba yake alikuwa ameipanga kwa ajili yake mwenyewe. Aliomba maji na kitana. Nywele zile zilichukua muda mrefu kufunguka, na bibi hakulalamika, isipokuwa mara moja alimwambia ana mkono mzito kwa fundi wa nguo laini.

Hakuwaambia. Aliliacha darasa mikononi mwa Selorm, akasema anataka kukaa asikilize kwa kitambo. Watu walimsihi arudi, wengine wakanong'ona kwamba ana ugomvi na mchungaji. Akawa anakwenda Bankoe kufua, kupika bamia, na jioni za Alhamisi kusikiliza somo ubavuni mwa kitanda, wawili kwa simu moja.

Jioni moja mkwe wa Mama Kafui alizungumza kutoka Hamburg huku akilia. Alimshukuru Mwalimu aliyekwenda kumwona mama wakati watoto wake wa kuzaa wako mbali, akasema Mungu ampe wengi wa kumfaa uzeeni. Wengine wakaitikia amina, mmoja baada ya mwingine.

Enyonam alikuwa ameshika bakuli la mchuzi. Alilitazama, hakuthubutu kumtazama bibi.

"Waitikie," Mama Kafui akamwambia kwa upole. "Wanakungoja."

Akafungua kipaza sauti, akasema amina kwa sauti yake ile iliyosifiwa.