Mgomba Mweusi Kando ya Kaburi la Baba

Jumamosi, Izimbya. Asubuhi ya ukungu.

Jamani, leo kamera yangu imenitisha.

Nilikuwa najaribu filta ya infraredi, inayonasa mwanga usioonekana kwa macho, kwenye kibanja chetu cha migomba. Majani yenye afya hutokea meupe, kana kwamba yamemwagiwa unga.

Migomba yote ikatokea meupe.
Isipokuwa mmoja, kando ya kaburi la Baba.
Mweusi tii.

Kwa macho ulikuwa wa kijani kama wenzake!

Nikamwonyesha Mama. Akauchanja kwa panga, ukatoka usaha wa njano. Tayari ulikuwa na ugonjwa wa mnyauko.

Mama akaweka panga chini. Kisha akasimama mbele yangu, akajifunga kanga vizuri.

“Haya mwanangu, nipige picha na mimi. Tukione hiki kifua kinachonisumbua.”

Nikamwambia betri imekwisha.

Haijaisha.

Ninyi mngempiga picha?