Baada ya "Ndiyo, Chef"

Katika gereji yetu, kwenye barabara ya Luano, swali lolote la mkubwa lilikuwa na jibu moja: "Ndiyo, chef." Umemaliza? Ndiyo, chef. Umeelewa? Ndiyo, chef. Huenda hujamaliza wala hujaelewa, lakini kumwambia chef hapana mbele ya watu ni kumvua nguo, na wazazi wetu hawakutulea hivyo. Basi unatanguliza ndiyo, ukweli unautafutia njia baadaye.

Mimi nilikuwa mtu wa mapokezi. Kazi yangu ni mdomo, na Mungu hakuninyima. Ndiyo maana chef mpya alipoletwa, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ndogo, nilikasirika. Siku ya kwanza tulijipanga uwanjani kungoja *le mot*, ile hotuba ambayo kila chef wa mji huu huitoa akianza kazi, na ambayo chef wetu wa zamani aliitoa hata bila sababu. Mama yule akatutazama, akaweka mkoba wake chini.

"Niko hapa," akasema. "Tutumike."

Kutumika, kwetu, ni kufanya kazi, na kweli akaenda kuvaa ovaroli. Basi, hotuba imekwisha! Fundi wetu wa breki akaninong'oneza: "Chef gani ule? Hasemake!" Nikacheka kuliko wote, maana debe tupu haliachi kuvuma.

Jumamosi moja asubuhi kulikuwa na basi dogo lililoletwa kutengenezwa breki. Kwaya ya parokia yetu ilikuwa imelikodi kwenda kuimba Mokambo, na waimbaji walikuwa wamekwisha kupanda na kitenge chao cha sare, wakijaribu sauti humo humo ndani ya gereji. Mama yangu mzazi alikuwa amekaa nyuma tu ya dereva. Mwenye basi alikuwa amekwisha kupiga simu akifoka kwamba gari litoke sasa hivi.

Mama chef akamwuliza yule fundi wa breki: "Frein ya nyuma, ulifungula yote mbili?"

"Ndiyo, chef."

Hapo chef yeyote niliyepata kumjua angesema *bon*, na dereva angewasha gari. Yeye hakusema kitu. Alibaki akimtazama fundi, bila hasira, bila kukunja uso, kama mtu aliyesikia nusu ya neno na ana nafasi ya kungoja nusu ya pili. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa. Akaifuta tena. Kwaya ikamaliza ubeti, ikaanza mwingine. Kimya kile kilinichoma mimi kuliko fundi, nikashindwa kujizuia.

"Mama chef, alishasema ndiyo."

Akaninyooshea kiganja ninyamaze, bila hata kunigeukia.

Fundi akatazama chini. "Chef... ile ya kushoto shikuifungula. Patron ya bus alisema mbio, mbio."

"Aksanti," akasema mama chef.

Asante! Nilikuwa nimejiandaa kwa radi. Akainama, akavuta jeki mwenyewe.

Kabla gari halijainuka, simu yake ikalia. Alikuwa mwenye basi, na sauti yake tuliisikia sote. Mama chef alimwacha amwage yote. Mtu yule alipomaliza hakupata jibu, wala tusi, wala samahani, mpaka akaingiwa na wasiwasi: "Allô? Allô? Uko?"

"Niko. Bus haitoke," akasema mama chef, akakata.

Waimbaji wakashushwa wakinung'unika, na mama yangu ndiye aliyeongoza. "Ndiyo chef yenu huyu? Atatuchelewesha!" Gurudumu la kushoto likatolewa. Ule mpira unaopeleka mafuta kwenye breki ulikuwa umechanika pande zote. Fundi aliugusa kwa vidole viwili tu, ukakatika mkononi mwake, mafuta yakamwagika juu ya udongo.

Nimefanya kazi na machef wenye sauti za kutikisa mabati, na niliwaogopa. Mama yule nilimwogopa kwa namna nyingine, jinsi mtu anavyoogopa akiingia kanisani akakuta yuko peke yake. Miaka yote sikujua kwamba kunyamaza nako ni kutumika, tena kazi ngumu kuliko yangu.

Wakati fundi anafunga mpira mpya, nilichuchumaa karibu naye nikamwuliza kwa nini alisema ukweli.

"Angenigombeza, ningesema ndiyo tena," akajibu. "Lakini ule mama alikuwa ananisikiliza, na mimi nilikuwa nimenyamaza."

Nyuma yetu watu walianza kupanda. Mama yangu akamkuta mwimbaji mwingine amekalia kiti chake, akaanza kugombana naye kwa sauti ya juu, kama kawaida yake. Siku nyingine ningemwambia anyamaze. Nilibaki pale pale chini, ule mpira uliokatika ukiwa miguuni pangu, nikimsikiliza, neno kwa neno, na machozi yakinitoka.