Mtoto wa Cheti cha Mjomba

Mjukuu wangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam akilalamika. Amezunguka hospitali nne akitafuta daktari wa mapafu anayepokea kadi yake ya bima. Nikamwambia pole mama, lakini mimi daktari wa mapafu nilimpata siku moja tu, nikamwona mpaka soksi zake. Kilichonitoa jasho ni cheti. Akashangaa: "Bibi, na nyie mlikuwa na bima?" Basi nikachukua daftari. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na herufi zangu ni kubwa kama mihogo, ila zinasomeka.

Ulikuwa wakati wa karanga. Wazungu walikuja Nachingwea na matrekta, wakang'oa pori lote ili walime karanga, na wanaume wa huku wote wakakimbilia kazi. Mume wangu alikuwa mpaka grisi, kazi yake kuyapaka matrekta mafuta. Akirudi jioni anang'aa kama samaki wa kukaanga, humshiki mkono akabaki mkononi mwako.

Sasa mjue jambo moja. Kwetu Wamwera, mwanamume akioa ndiye anayehamia kwa mkewe. Mimi nilifanya kinyume. Nilikuwa na miaka ishirini na kichwa kigumu, nikaaga kwa mama kule Mbekenyera, nikamfuata mume wangu kwenye kibanda cha nyasi njia ya Ruponda. Kaka yangu mkubwa alikasirika akatangaza mbele ya watu kwamba dada yake amegeuka mkia wa mwanamume. Nami nikamjibu, mbele ya watu walewale, kwamba afadhali mkia wa mwanamume kuliko kichwa cha mpumbavu. Tukanyimana salamu. Baadaye na yeye akapata kazi hukohuko kwa Wazungu, ya upishi, kambi ya wakata pori njia ya Kiegei. Nikisikia amepita sokoni, mimi siendi sokoni.

Nilikuwa na binti mmoja, wa miaka minne. Huyo ndiye mama yake huyu wa kadi ya bima. Mvua zilipoanza alishikwa na kikohozi, na kila akivuta pumzi kifua kinapiga filimbi. Nikampeleka zahanati ya serikali, nikapewa dawa ya kahawia inayochotwa kwenye jagi moja kwa wote, mwenye kikohozi na mwenye tumbo. Akanywa, akatapika, akakohoa. Nikamchemshia majani, akanywa, akatapika, akakohoa. Mwezi wa pili homa ikaingia. Mtoto aliyekuwa akikimbiza kuku uwanja mzima sasa anakaa kizingitini, kuku wanapita mbele yake wanamtazama.

Hapo zahanati palikuwa na dresa mmoja, yule msaidizi wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, Mmakua mrefu mwenye sauti ya upole. Akanivuta pembeni. "Mama, hiki si kikohozi cha jagi. Nenda hospitali kubwa ya kazi ya karanga. Mimi mwenyewe nasaidia kule siku tatu kwa wiki. Kuna daktari anajua vifua tu, kitu kingine hajui. Lakini anapokea wenye cheti cha kazi: mfanyakazi, mkewe na watoto wake."

Nikacheka kwa furaha. Mume wangu si mfanyakazi? Mtoto si wake? Kesho yake alfajiri nilimbeba binti yangu, mume wangu nyuma na cheti chake kwenye mfuko wa shati.

Hospitali ilikuwa ya mabati, ndefu, inanuka dawa ya kufutia sakafu. Karani alikaa kwenye kidirisha. Mtu wa bara huyo, sijui Mnyamwezi sijui Mhehe, shati jeupe, kalamu sikioni. Nyuma yake mlango uko wazi kidogo, namwona daktari amekaa amekunja miguu, ana soksi ndefu za kijivu, anasoma gazeti. Hana mgonjwa hata mmoja! Nikasema moyoni, leo leo.

Karani akafungua kitabu chake. "Jina la mtoto?"

Mume wangu akataja.

"Hayumo."

"Tazama vizuri, bwana karani."

"Nimetazama. Watoto wako hapa ni watatu, wanaume wawili na msichana mmoja mkubwa." Akayasoma majina.

Nikamgeukia mume wangu. Yale yalikuwa majina ya watoto wa dada yake! Wako Ruangwa, wazima kama mbuzi, hata mafua hawayajui.

"We baba," nikamwambia, "umefanya nini?"

Akaanza kusugua grisi kwenye kucha. "Siku ya kuandikishwa waliniuliza watoto wako ni akina nani. Mimi nikajua wanauliza nikiangukiwa na mti, vitu vyangu achukue nani. Sasa ungetaka niseme nini?"

Msimcheke sana. Kwetu mwanamume vitu vyake huchukua watoto wa dada yake. Watoto aliowazaa ni wa ukoo wa mama yao, wana mjomba wao. Mtu akikuuliza watoto wako, ukiwa na adabu unataja wa dada. Mume wangu alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo ilikuwa inamuua mtoto wangu.

"Basi futa mmoja, umwandike huyu," nikamwambia karani.

"Mama, hiki si kibao cha shule. Kufuta ni mpaka barua iende ofisi kuu, irudi."

"Itarudi lini?"

"Mwezi. Pengine miwili."

Binti yangu akakohoa mgongoni, ile filimbi ikatoka ndefu. Daktari kule ndani akashusha gazeti kidogo, akatega sikio, kisha akalipandisha. Mwezi! Huyu wiki hana.

Njiani mume wangu akasema taratibu, kama mtu anayepita karibu na nyuki, "Kaka yako naye ana cheti."

"Usinitajie."

"Nasema tu. Na yeye ana dada mmoja."

Nikasimama katikati ya njia. Nilikuwa nimeapa yule mtu nitamwona siku ya kumzika. Lakini mgongo ulikuwa unaungua kwa homa ya mtoto, na mtu akiunguzwa mgongo kiburi hukikumbuki sana. Nikageuza nikashika njia ya Kiegei.

Nilimkuta kaka amesimama juu ya sufuria kubwa, anasonga ugali wa watu thelathini kwa mwiko mrefu kama kasia. Aliniona. Hakuacha kusonga.

"Karibu, mkia," akasema. "Mwanamume wako yuko wapi? Mbona leo umetangulia wewe?"

"Nimemwacha nyuma, ana adabu nyingi, anachoka," nikasema. "Kaka, nisikilize."

"Kumbe mimi ni kaka? Mara ya mwisho nilikuwa kichwa cha mpumbavu."

"Ulikuwa. Leo nakuomba. Kwenye cheti chako uliandika nani?"

Sasa akauacha mwiko. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jua linatokea wapi. "Niliandika nani? Nina dada wangapi mimi? Nilimwandika mwanao siku ya kwanza, kabla sijapewa hata aproni! Ulidhani kwa vile sikusalimii wewe, mtoto amekoma kuwa wangu?"

Nikakaa chini hapohapo kwenye majivu. Nililia au nilicheka, sijui, vyote viwili vina maji.

Nyuma ya jiko mkewe alikuwa anachambua maharage. Akanyanyuka na ungo. "Ati ulimwandika nani? Na hawa wangu?"

"Hao wana mjomba wao," kaka akasema, anavua aproni. "Kamuulize."

"Nitamuuliza! Na nikikuta kaka yangu kawaandika watoto wa mtu mwingine, mtapikiwa maharage na mawe yake!"

Wifi yangu yule, Mungu amrehemu, ndiye aliyeshika mwiko siku ile ili mumewe aondoke. Watu thelathini walikula ugali wenye madonge.

Karani alipotuona tumerudi watatu na mtoto, alichomoa kalamu sikioni taratibu. Kaka akataja jina la mtoto. Karani akapekua, akalikuta, akakunja uso.

"Asubuhi mtoto huyu alikuwa wa huyu bwana."

"Na sasa pia," nikasema. "Huyu ndiye aliyemzaa. Huyu mwingine ndiye mwenye mtoto."

"Mama, mtoto ana baba mmoja."

"Baba anaye huyo mmoja. Kwani nimekuambia ana wawili?"

Akamtazama mume wangu, akamtazama kaka, akanitazama mimi kwa jicho baya. Bahati yangu yule dresa Mmakua akatokea amebeba sinia la sindano. Akasikiliza kidogo, akacheka mpaka sindano zikalia. "Bwana karani, hata mimi kitabuni mwako nimeandika wa dada yangu. Ukitaka kutufuta, tufute wote, kisha uende ukalime karanga peke yako."

Karani akagonga muhuri.

Daktari alikunja gazeti lake. Aliweka mipira yake masikioni, akasikiliza kifua upande wa kushoto, akaja wa kulia, akarudi kulia tena. Wakampiga picha ya ndani. Kisha dresa akatutafsiria: pafu moja halipati hewa, kuna kitu kimeziba njia. Watamlaza usingizi wa dawa, waingize bomba jembamba la chuma kooni, wakivute. Nikauliza, akiamka? Dresa akasema, "Akiamka, mama, utamsikia."

Tulikaa nje kwenye benchi, mimi katikati, wanaume wangu huku na huku. Hawakuwa wamezungumza tangu nilipohama. Mume wangu akamsogezea kaka sigara. Kaka akaipokea, akasema, "Ina grisi." Akaivuta hivyohivyo.

Mlango ukafunguliwa. Dresa ameshika kibakuli cha chuma, ndani yake pamba, na juu ya pamba kuna punje moja ya karanga, imevimba, kijivu.

"Baba wa mtoto?" akauliza.

Wakasimama wote wawili.

Wazungu waling'oa pori la nchi nzima na karanga wakavuna kidogo sana, kila mtu huku anajua. Lakini sijaona watu wakiitazama karanga kama walivyoitazama ile. Kaka hata alivua kofia.

Kisha kutoka ndani ikaja sauti ya binti yangu, imekwaruza, kali, haina filimbi hata chembe. Alikuwa ameambiwa kitu gani kimetolewa kifuani mwake.

"Yangu hiyo!" alipiga kelele. "Mjomba, usiile!"