Nilivyompeleka Mzee Luka Dhamana Nakonde

Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja, mingi katika sekondari moja huko Itaka, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunisikia nikisema "sijui". Zamani nilidhani hiyo ni sifa.

Nilipostaafu nilihamia Tunduma, nikafungua steshenari karibu na mpaka: kutoa kopi, kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti. Mlangoni nikabandika karatasi: MWALIMU OSWARD, TAFSIRI NA USHAURI. Tafsiri waliniomba. Ushauri niliutoa hata kwa mtu aliyefuata bahasha tu.

Mwaka juzi akaja Enesi, anayeuza maharage jirani yangu. Kwenye simu alikuwa na barua ya Kiingereza kutoka kwa mwanasheria wa Nakonde, upande wa Zambia. Kaka yake Timotheo, mtoto wa baba yake mkubwa, alikuwa amefariki huko. Alikuwa fundi seremala, hakuacha mke wala mtoto, na wazazi wake walishatangulia. Mwanasheria aliyeshughulikia mirathi alitaka ukoo ufike ofisini kwake na "collateral relatives" wa marehemu.

"Collateral," nilisema, nikivua miwani kama daktari mwenye majibu mabaya, "ni dhamana. Kama ile hati ya shamba ambayo benki inaishikilia mpaka utimize ulichoahidi."

"Na hilo la pili?"

"Ndugu."

Enesi akanikodolea macho. "Kwa hiyo Mwalimu, wanataka ndugu wa dhamana?"

Hapo mtu mwenye akili angesita. Simu yangu ilikuwa mfukoni na bando lilikuwemo. Kamusi ilikuwa kwenye shelfu nyuma ya kichwa changu. Lakini kufungua kamusi mbele ya mteja niliona ni sawa na mchungaji kuwauliza waumini kitabu cha Mwanzo kiko wapi.

"Ndivyo, dada," nikasema. "Inaelekea mmoja wenu atabaki kule mpaka mirathi iishe. Nchi za watu zina sheria zao."

Jumapili ukoo ulikaa nyumbani kwa Enesi, nami nikaalikwa kama mtaalamu, nikapewa kiti chenye mto. Nilieleza tena, kwa kirefu zaidi, maana wasikilizaji walikuwa wengi. Vijana wakaanza kukumbuka shughuli zao. Huyu ana mahindi hayajavunwa, yule mkewe anakaribia kujifungua. Mwisho akasimama Mzee Luka, mdogo wa mwisho wa baba zao, mgane wa miaka sabini na kitu.

"Niacheni mimi," akasema. "Timotheo nilimbeba mgongoni. Siwezi kumtupa leo kwa kuogopa kulala kwa watu."

Enesi akaanza kulia. Nami, Mungu anisamehe, nikamshauri mzee abebe blanketi kwa sababu Nakonde kuna baridi. Kutoka Tunduma kwenda Nakonde unatembea kwa miguu. Baridi ni ileile.

Jumanne tukavuka watatu: mzee, Enesi na mimi. Mzee Luka alikuwa na blanketi, kikombe cha bati, kitabu cha nyimbo na dawa zake za presha. Mwanasheria alikuwa mama wa makamo aitwaye Erica. "Karibuni, mukwai," akatupokea kwa adabu za kwao. Nikakohoa, nikaanza Kiingereza changu cha kazi. Kabla sijafika kwenye nukta, Mzee Luka alimsalimu kwa Kinamwanga, naye akamjibu kwa Kinamwanga, maana Wanamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Mimi ni Mnyiha. Kuanzia hapo mtafsiri ndiye pekee mle ndani asiyeelewa kitu.

Nikabaki kutazama. Mzee akaonyesha blanketi lake. Erica akakunja uso, akauliza jambo. Enesi akaninyooshea kidole.

Erica akacheka mpaka akashika meza. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili cha mpakani. "Mwalimu, hao ni ndugu wa ubavuni. Siyo mzazi, siyo mtoto wala mjukuu. Ni kaka, dada, baba mdogo, shangazi, pamoja na watoto wao." Akamshika Mzee Luka bega. "Huyu hapa ndiye niliyekuwa namtafuta kwanza."

Mzee Luka hakucheka. Aliuliza mara mbili kama kweli ataruhusiwa kurudi nyumbani. Alipohakikishiwa, akakaa, akafuta macho kwa pindo la blanketi. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu.

Walitia saini, wakakabidhiwa vitu vya marehemu: baiskeli, sanduku la vifaa vya useremala, na kiti ambacho Timotheo hakuwahi kukimalizia. Mzee Luka akachukua kiti. Habari zangu zilivuka mpaka kabla yetu, na mpaka leo sokoni naitwa Mwalimu Dhamana.

Jioni ile nilifungua kamusi. Dhamana ilikuwemo, sikuwa nimedanganya. Ndugu wa ubavuni nao walikuwemo, na chochote kinachokwenda kando ya kingine. Chini kidogo ikafuata maana inayotumika kwenye habari za vita: madhara yanayowapata watu ambao hawakulengwa. Nikaifunga kamusi.

Kesho yake nilikwenda kumwomba mzee radhi. Nilimkuta uani akipiga msasa kile kiti. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, akanikatiza kwenye la tatu.

"Yameisha, Mwalimu. Shika huu mguu, gundi bado mbichi."

Nikapiga magoti, nikaushika.

"Siyo hivyo," akasema. "Juu kidogo."

Nikapandisha mkono.

"Unajua kushika?"

"Sijui, mzee," nikamjibu.

Akanionyesha.